"Asante" pekee haitoshi: Somo nililolipata Kenyatta Market

Jumamosi moja hivi majuzi nilimpeleka kitinda mimba wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Kenyatta Market kusukwa nywele. Wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa mahali pale. Soko lenyewe si kubwa. Limepakana na mtaa wa Golf Course, si mbali na Kibera wala na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Lakini mambo mawili yamelipatia jina jijini kote: nyama choma na ususi. Ukikaribia tu lango, kina mama na vijana wanakuita, "Karibu kastoma! Kusuka? Kuna kiti hapa!" Hatua chache mbele moshi wa nyama unakupokea, na mkata nyama anagonga kisu juu ya gogo ili umtazame.

Binti yangu aliketi saa tatu asubuhi. Wasusi wawili walimshika kichwa, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaanza kusuka rasta nyembamba zisizohesabika. Mimi nilijiondokea na magazeti yangu upande wa nyama choma. Niliporudi saa tisa alasiri, wale mama walikuwa bado wamesimama, wanamalizia za mwisho. Binti akajitazama kiooni, akatabasamu, akatoa simu na kulipa kwa M-Pesa. Akasema "asante" na kuanza kutoka.

Msusi mkubwa alikuwa mama wa makamo. Asubuhi ile aliniamkia kwa "Shikamoo mzee", jambo lililonijulisha mara moja kwamba hakulelewa Nairobi. Sasa alinyoosha mgongo, akajishika kiuno, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Binti yako kanilipa vizuri, mzee. Na asante katoa. Ila pole ndo hana."

Nilimuuliza kwao ni wapi. Akaniambia Tanga.

Garini nilimfikishia binti yangu ujumbe huo. Akanigeukia akiwa ameshangaa kwelikweli: "Lakini Baba, si nimelipa? Na si nimesema asante? Pole ya nini sasa, kwani nimemkosea?"

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini nakiri kwamba sikuwa na jibu la papo hapo. Maswali yale matatu yamenikalia akilini tangu siku hiyo, nami naona yanastahili kujibiwa kwa msaada wa historia. Nitaanza na lile la asante.

Neno "asante", ambalo wengine huliandika "ahsante", lina asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo, "ahsanta" ni kitenzi kilicho katika wakati uliopita, na maana yake ni "umetenda vyema". Mzizi wake ndio uliotupa "hisani" na "ihsani", na pia majina kama Hassan, Hussein na Muhsin. Msomaji wa gazeti hili hukutana na ndugu huyo wa asante kila siku bila kumtambua. Chini ya picha nyingi huandikwa kwamba zimetolewa "kwa hisani ya" mtu au shirika fulani.

Kiarabu hutofautisha anayeambiwa. Mwanamume huambiwa "ahsanta", mwanamke "ahsanti". Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo, kwa hiyo neno likaganda katika umbo moja. Lilipokwisha kuganda, Waswahili wakalifanya lao kabisa kwa kulipachika kiambishi chao cha wingi, nasi leo tunasema "asanteni", jinsi tusemavyo "karibuni". Safari yake haikuishia pwani. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kuanzia Goma hadi Lubumbashi, watu husema "aksanti". Ile "h" nzito ya Kiarabu imegeuka "k". Kiswahili kilifika sehemu nyingi za huko kwa miguu, kwenye misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyopitia Tabora na Ujiji, na shukrani zake zikaenda nacho.

Jambo la kuzingatia ni hili. Mwarabu wa leo akitaka kushukuru husema "shukran". "Ahsanta" kwake ni pongezi, kama ile ampayo mwanafunzi aliyejibu swali sawasawa. Waswahili walilichukua neno la kusifu kazi wakalifanya neno la kushukuru. Anayesema asante, kwa maana ile ya asili, anaitazama kazi na kutoa hukumu: hii ni kazi njema. Methali yetu inasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Asante ndiyo pete yenyewe.

Wala si Waswahili pekee wanaoshukuru kwa kuisifu kazi. Mimi ni Mkikuyu, na kwetu "ni wega" ni shukrani, ingawa maana yake ya moja kwa moja ni "ni vizuri". Mkisii husema "mbuya mono", na "mbuya" ni vyema. Mjaluo husema "erokamano", neno ambalo ndani yake mna "kamano", yaani "hivyo". Wote hao wanakitazama kilichotendwa na kukubali kwamba kimekuwa jinsi kinavyopaswa kuwa.

Lugha nyingine zilishika njia tofauti. Neno la Kiingereza la kushukuru lina undugu na neno la kufikiri katika lugha hiyohiyo: nitakukumbuka kwa ulichonitendea. "Obrigado" ya Wareno maana yake ni "nimefungika", yaani nina deni kwako. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakang'olewa humo mwaka 1698. Katika muda wao pwani walituachia meza, leso, bendera, mvinyo, karata na gereza. Neno lao la kushukuru hawakutuachia. Wafaransa nao husema "merci", neno linalotokana na neno la Kilatini lililomaanisha ujira au malipo. Kwa hiyo binti yangu alipouliza "si nimelipa?", hakujua kwamba alikuwa anauliza swali la Mfaransa: je, malipo na shukrani si kitu kimoja?

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la malipo, nami naomba turudi nyuma hadi mwaka 1857.

Mwaka huo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka Unguja kwenda kutafuta maziwa makuu ya bara. Walifika Ujiji, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, Februari 1858, na walirejea Unguja Machi 1859. Hawakufika huko kwa nguvu zao. Walibebewa mizigo na wapagazi, wakaongozwa na watu waliozijua njia na lugha, na kuna wakati wao wenyewe walibebwa kwa sababu ya maradhi. Msafara uliongozwa na Said bin Salim, na miongoni mwa waliousaidia alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake limebaki katika historia ya safari nyingi za Wazungu barani.

Burton alichapisha kitabu chake kuhusu safari hiyo mwaka 1860. Katika sehemu anayoeleza tabia za watu wa Afrika Mashariki, alidai kwamba shukrani kwao haipo, na kwamba ukimtendea Mwafrika wema atauchukua kuwa ni udhaifu wako. Dai la aina hiyo lilirudiwa na wasafiri na wamishonari wengine wa karne ile, na baadhi yao walilithibitisha kwa hoja nyepesi sana: hawakulisikia neno walilolizoea kwao.

Burton hakuisimulia hadithi hiyo kwa upande unaomhusu yeye. Kabla ya msafara kuondoka, Konseli wa Uingereza kule Unguja, Atkins Hamerton, aliwaahidi baadhi ya watu wa msafara zawadi nono wakirudi salama. Hamerton akafariki Julai 1857, safari ikiwa changa. Waliporudi, Burton alikataa kuitoa zawadi hiyo. Alishikilia kwamba ilitegemea mwenendo mwema, na kwamba mwenendo wao haukumridhisha. Watu wale walilalamika kwa Konseli mpya, Christopher Rigby, naye akalifikisha jambo hilo kwa serikali ya Bombay. Speke naye akawa upande wa waliolalamika. Mzozo huo uliwafuata Burton na Speke hadi Uingereza.

Lipime jambo hilo, msomaji wangu. Aliyeandika kwamba Mwafrika hana shukrani ndiye aliyerudi kutoka safari ya karibu miaka miwili akashindwa kuelewana na waliomfikisha na kumrudisha juu ya bahashishi yao.

Sitaji habari hiyo ili kumzomea marehemu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba pwani ya karne ya 19 ilikuwa na utaratibu wake wa kushukuru, na Burton aliujua. Kulikuwa na ujira, uliokatwa kabla ya kazi. Kulikuwa na bahashishi, kitu kilichotolewa juu ya ujira kazi ilipokwisha. Kulikuwa pia na kilemba, ambacho mwanafunzi alimpa fundi wake alipohitimu. Fundi angeweza kuwa amekwisha kulipwa ada yote ya mafunzo, lakini bila kilemba uanafunzi haukuhesabiwa kuwa umekamilika. Katika fikra hiyo, malipo hulipia kazi, na kilemba humheshimu aliyeifanya. Binti yangu alilipa kazi, kwa kweli hata bila kuomba apunguziwe. Alichoulizwa ni heshima ya mtu.

Heshima hiyo pia ina neno lake, nalo ndilo aliloliona msusi wa Tanga kuwa limekosekana.

Pole. Katika Kiswahili cha pwani na cha Tanzania kwa jumla, ukimkuta mtu kazini humpiti kimya. Utamwambia "pole na kazi" au "pole kwa kazi", hata kama kazi ile haikuhusu ndewe wala sikio. Aliyetoka safari huambiwa "pole na safari". Mwenyewe atajibu "asante", au kwa jibu la kale zaidi, "nishapoa". Jibu hilo linatukumbusha kwamba pole na poa ni ndugu. Kazi humtia mtu joto na machovu, na neno lako linampoza.

Jirani zetu Waganda wanalo jambo linalofanana na hilo. Kwao "webale" ni asante kwa ulichonifanyia. Lakini ukipita karibu na mtu anayelima shamba lake mwenyewe, utamwambia "gyebale ko". Unamshukuru kwa kufanya kazi, ingawa huna faida yoyote katika mihogo yake. Na ukimshukuru Mganda kwa jambo, huenda akakujibu "webale kusiima", yaani asante kwa kushukuru. Tanzania pia hulisikia jibu hilohilo: "Asante." "Asante kwa kushukuru."

Tofauti kati ya maneno mawili yetu iko wazi sasa. Asante huitazama kazi. Pole humtazama mtendaji, miguu yake iliyosimama tangu asubuhi na vidole vyake vilivyokufa ganzi. Binti yangu alikitazama kioo akaona rasta nzuri, akaisifu kazi. Hakuugeukia mgongo uliokuwa nyuma ya kiti. Ndiyo maana mama yule hakusema kwamba amedharauliwa wala kwamba hakushukuriwa. Alisema kwa usahihi wa mwanaleksikografia: asante katoa, pole ndo hana.

Kwa nini basi kijana wa Nairobi, mtoto wa mwalimu wa Kiswahili isitoshe, alisikia "pole" akadhani anaambiwa aombe msamaha? Kwa sababu ndivyo lilivyo neno hilo katika Kiswahili chetu cha bara. Kwetu pole imebaki na kazi tatu: kumpa mkono aliyefiwa, kumliwaza mgonjwa au aliyepatwa na ajali, na kuomba radhi ukimkanyaga mtu kwenye matatu. Pole ya kazi imetutoka.

Ninaamini historia ya namna Kiswahili kilivyofika huku juu ina sehemu yake katika upungufu huo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kiswahili kilipanda nayo, lakini kilipofika kwenye mashamba na nyumba za walowezi kilitumiwa zaidi kuamrisha. Ndicho kilichoitwa kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na kichwa chake kinataja bayana waliolengwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Hao ni watu waliohitaji lugha ya kuagiza. Wapishi, watunza bustani na vibarua waliokuwa upande wa pili wa mazungumzo hayo hawakuhesabiwa kuwa wasomaji.

Katika Kiswahili kilichokomaa, adabu hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. "Niletee maji" ni laini kuliko "leta maji". "Naomba uniletee maji" ni laini zaidi. Mzungumzaji stadi anaweza kuwa mpole kutwa nzima bila kulitaja neno "tafadhali" hata mara moja. Kisetla kilivunja viungo hivyo. Kikasema "leta", kikasema "wewe kuja hapa". Lugha iliyovunjwa hivyo haina nafasi ya "pole kwa kazi", maana anayeamrisha hakusudii kumwona anayechoka.

Baadaye shule zikajaribu kurekebisha, lakini zikatumia dawa ya kigeni. Sisi tuliosoma miaka ya mwanzo ya uhuru tulifundishwa kwamba adabu ni maneno mawili: "tafadhali" mwanzoni na "asante" mwishoni. Ukiyasema yote mawili umeiva. Hata "tafadhali" yenyewe ilikuwa imegeuzwa njiani. Katika Kiarabu ni neno la kumkaribisha mtu atwae au aingie, linalotoka kwenye mzizi uleule wa "fadhila", nasi tukalifanya neno la kuomba. Hakuna kosa katika kugeuza maana; lugha zote hufanya hivyo. Kosa ni kuamini kwamba maneno mawili yanaweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kitenzi, salamu, pole, bahashishi na kilemba kwa pamoja. Binti yangu ni zao la somo hilo, nami ndiye niliyemfundisha.

Majuma mawili baadaye nilirudi Kenyatta Market peke yangu kula nyama, nikiwa nimejiandaa kuwa mtu mpya. Nilimkuta mkata nyama anatokwa na jasho mbele ya makaa. Nikamwambia kwa sauti ya kutosha, "Pole kwa kazi, kijana wangu."

Alisimamisha kisu hewani. "Pole ya nini, mzee? Kwani kuna nini? Nani amekufa?"

Wateja waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka nao. Nilipomweleza nilichokusudia, alitikisa kichwa na kusema, "Aah, hiyo iko sawa. Lakini hapa mzee unaambia tu mtu, 'Kazi safi, Mungu akubariki.' Na unaacha ya soda."

Nikaona kwamba nimepata somo la pili. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani kwamba Nairobi imepoteza kitu na kwamba kazi yangu ni kukirudisha kutoka Tanga. Kijana yule alinionyesha kwamba soko halikukaa na pengo. Limeliziba kwa vifaa vyake. "Kazi safi" ni ile "ahsanta" ya zamani iliyotafsiriwa neno kwa neno na mtu asiyejua Kiarabu. "Mungu akubariki", au "barikiwa" kwa ufupi, ni dua, na dua humwendea mtu, haiendei nyama. Nayo "ya soda" ni bahashishi iliyovaa nguo za mjini.

Hali ni hiyohiyo kwa neno "karibu". Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kumjibu mtu "karibu" anapokushukuru ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na nimekata alama kwa sababu hiyo. Darasani bado nina hoja. Lakini siku ile niliwasikiliza wafanyabiashara wa Kenyatta Market kwa makini. Mteja anasema asante, muuzaji anajibu, "Karibu, karibu tena." Hatafsiri kitu. Anakualika urudi, kwa neno lilelile alilokuitia langoni asubuhi. Kama jibu hilo liliingia kwetu kupitia mlango wa Kiingereza, sokoni limekwisha kupewa kiti na kazi ya kufanya. Wanafunzi wangu wa zamani wanaosoma safu hii, na wanaozikumbuka alama hizo, nawaambia pole.

Je, nina ushauri gani basi kwa msomaji? Sitamwambia kila Mkenya aanze kusema "pole na kazi", ingawa ningefurahi kulisikia likirejea, na anayelitumia asione haya akichekwa. Ninachosisitiza ni kwamba shukrani zetu zina sehemu tatu. Kuna malipo ya haki, yasiyocheleweshwa wala kupunguzwa kwa hila. Kuna sifa kwa kazi, ambayo ni asante. Na kuna neno au tendo la kumtambua aliyechoka kwa ajili yako, liwe pole, liwe baraka, liwe ya soda, au uwe ni utulivu tu wa kumtazama mtu usoni na kumuuliza amekula. Moja haliwezi kukaa badala ya jingine. Asante isiyo na malipo ni unyang'anyi wenye tabasamu, na vibarua wengi wa mji huu wanaujua. Malipo yasiyo na neno nayo ni ya kumlipa mtambo.

Na nisije nikamsema mtoto nikajisahau. Kuna mama anayesafisha ofisi zetu chuoni. Huingia kwangu kila asubuhi akachukua takataka na kupangusa meza, nami humwambia "asante" macho yakiwa kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi nimejihesabu kuwa mtu mwenye adabu kwa sababu ya neno hilo. Jumatatu iliyofuata safari yetu ya sokoni niliinua kichwa nikamwambia, "Pole kwa kazi, mama." Hakuniuliza nani amekufa. Aliiweka ndoo chini, akaniambia goti linamsumbua tangu mwaka jana, na kwamba ngazi za jengo letu zinamuumiza kwa sababu lifti haifanyi kazi.

Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu. Mimi mwenyewe huzipanda ngazi hizo kila siku nikinung'unika, na sikuwahi kufikiri kwamba yeye huzipanda na ndoo.